Daktari Ajibu: Msamaha wa Chanjo Shuleni ni wa Mtoto Gani?

Barua nyingi nilizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, hasa jimbo la California, na karibu zote zinauliza jambo moja: msamaha wa kitabibu, yaani hati anayoitoa daktari ili shule impokee mtoto ambaye afya yake hairuhusu apewe chanjo fulani. Nimechagua barua tano na kuzifupisha. Majibu yangu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Shikamoo Daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na anatarajiwa kuanza chekechea mwezi wa nane hapa San Diego. Tangu mwaka jana ana ugonjwa wa figo unaomvimbisha uso na miguu na kupoteza protini katika mkojo, na kila ugonjwa unaporudi hupewa dawa ya prednisoloni kwa wiki nyingi. Daktari wake ametuambia tusimchanje surua kwa sasa. Shule inasema hapokelewi bila chanjo, na barua ambayo daktari aliiandika kwenye karatasi ya kliniki wameikataa. Je, mtoto akose masomo kwa sababu ya maradhi? Na mdogo wake wa miaka miwili, naye tumwache bila chanjo ili asije akamwambukiza kaka yake? — Mama wa wawili, San Diego

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Mwanao ni mmoja wa watoto ambao msamaha huu uliwekwa kwa ajili yao, kwa hiyo usiombe kwa unyonge kana kwamba unatafuta upendeleo. Kilichokataliwa na shule ni namna ya hati, wala si ugonjwa wa mtoto. Tangu tarehe 1 Januari 2021, shule za California haziruhusiwi kupokea msamaha mpya ulioandikwa kwenye karatasi ya kawaida. Ni lazima utolewe kupitia mfumo wa serikali ya jimbo katika intaneti unaoitwa CAIR-ME. Wewe mzazi ndiye unayeanza: unajiandikisha katika mfumo huo, unajaza ombi la mtoto, unapewa namba ya ombi, kisha unampelekea namba hiyo daktari wa mtoto, ambaye ni lazima awe na leseni ya udaktari ya California. Daktari ataeleza humo ugonjwa wenyewe, chanjo zinazohusika na muda wa msamaha, kisha atachapisha fomu rasmi na kuitia sahihi. Hiyo ndiyo utakayoipeleka shuleni. Sheria inamkataza daktari kutoza malipo kwa kujaza fomu hiyo, basi ukidaiwa pesa za kujaza, uliza kwa upole ni za nini.

Sasa niingie katika utabibu wenyewe, kwa maana hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Chanjo haziko za namna moja. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella, inayojulikana kwa herufi MMR, na ile ya tetekuwanga, zimetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto mwenye kinga ya kawaida, virusi hivyo huuzoesha mwili vita bila kuujeruhi. Lakini kwa mtoto ambaye kinga yake imezimwa na dawa, hata adui aliyedhoofishwa anaweza kupata nafasi ya kuzaliana. Prednisoloni ikitolewa kwa kiwango cha miligramu 2 au zaidi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, au miligramu 20 kwa siku kwa mtoto mwenye uzito wa zaidi ya kilo 10, kwa muda wa siku 14 au zaidi, huhesabiwa kuwa imeshusha kinga kiasi cha kuzuia chanjo za virusi hai, na baada ya kuiacha ni lazima kusubiri angalau mwezi mmoja. Watoto wenye ugonjwa kama wa mwanao hutibiwa kwa viwango vya namna hiyo hasa. Ndiyo maana daktari wake amesema ngojeni, na amesema kweli.

Lakini angalia vizuri, mama: hakusema asichanjwe chochote. Chanjo za pepopunda, dondakoo na kifaduro, ya homa ya ini B, na ya polio inayotolewa kwa sindano, hazina kijidudu hai ndani yake, na haziwezi kumsababishia mtoto ugonjwa hata kama kinga yake imelala. Tena mtoto anayepoteza protini kwenye mkojo hupoteza pamoja nayo sehemu ya kingamwili zake, hivyo yumo hatarini zaidi kupata maambukizi ya bakteria, na madaktari humsisitizia chanjo ya nimonia kuliko mtoto mwingine. Msamaha wake basi uandikwe kwa MMR na tetekuwanga peke yake, na uwe wa muda. Kwa sheria ya California msamaha wa muda hauzidi mwaka mmoja, na mwaka ukiisha daktari atapima upya. Ikiwa ugonjwa utatulia na dawa kupunguzwa, atachanjwa katika nafasi ya kwanza inayopatikana. Nimewaona wazazi wakiipokea hati ya muda kama hukumu ya maisha, mtoto akafika umri wa balehe bila kinga ilhali sababu iliyomzuia ilikwisha zamani.

Kuhusu mdogo wake, tafadhali mchanjeni upesi. Virusi vya chanjo ya MMR havimtoki mtoto aliyechanjwa na kumwambukiza mwingine, kwa hiyo hofu hiyo iondoeni. Chanjo ya tetekuwanga nayo ni salama nyumbani mwenu, ila mdogo akitokwa na vipele baada ya kuchanjwa, jambo ambalo hutokea mara chache, asilale wala kucheza na kaka yake mpaka vipele vikauke. Mgonjwa ambaye hawezi kujikinga mwenyewe hukingwa na walio karibu naye, na hakuna aliye karibu naye kuliko ndugu wanaokula sahani moja.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni zito. Msamaha unampa mwanao haki ya kuingia darasani, lakini haumpi kinga. Surua ikizuka shuleni, idara ya afya inaweza kuagiza watoto wote wasio na kinga wakae nyumbani hadi siku 21 tangu walipokutana na mgonjwa, na mwanao atakuwa miongoni mwao. Msichukulie kuwa ni adhabu. Na ikitokea amekuwa chumba kimoja na mgonjwa wa surua, au ameingia chumba ambacho mgonjwa alitoka muda wa saa mbili kabla, kwa maana virusi hivyo hubaki hewani muda huo, pigeni simu kwa daktari siku hiyohiyo. Kuna sindano ya kingamwili zilizotayarishwa ambayo hufaa ikitolewa ndani ya siku 6. Tafadhali iandikeni namba ya daktari ukutani.

Daktari, mwanangu ana pumu, ana mzio wa mayai, na alipokuwa na mwaka mmoja alipata degedege la homa. Binamu yake ana usonji. Rafiki yangu amenielekeza kwa daktari anayeonana na watu kwa simu ya video na ambaye, ukimlipa, anakuandikia msamaha wa chanjo zote mpaka mtoto amalize shule. Nimeshaandaa pesa. Je, hati hiyo itakubaliwa? — Baba Mhusika, Fresno

Ndugu yangu, zirudishe pesa hizo mfukoni. Nitakujibu kwanza juu ya mtoto, kisha juu ya daktari huyo.

Sababu ulizozitaja zote nne hazimzuii mtoto kupata chanjo za shule. Mzio wa mayai ulikuwa ukitajwa sana zamani kwa sababu virusi vya chanjo ya surua hukuzwa katika chembe za kiinitete cha kuku, lakini protini ya yai inayobaki ni kidogo mno, na watoto wenye mzio mkali wa mayai wamechanjwa MMR kwa miaka mingi bila madhara yaliyohofiwa. Chanjo ambayo mzio wa mayai bado ni tatizo kwake ni ile ya homa ya manjano, na hiyo haitakiwi na shule. Pumu si kizuizi. Degedege la homa nalo si kizuizi, ingawa ni vema umweleze daktari, ili akushauri namna ya kumwangalia mtoto homa ikipanda. Ni kweli kwamba MMR huweza kuleta homa kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na watoto wachache hupata degedege kwa sababu hiyo; lakini surua yenyewe huleta homa kali kuliko hiyo na huweza kuufikia ubongo.

Kuhusu usonji, uvumi huu ulipata nguvu mwaka 1998, jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilipochapisha makala iliyotegemea watoto 12 tu. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi wake mkuu aliondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi hiyo kwa ukiukaji mkubwa wa maadili ya kazi. Watafiti wa Denmark wakaja kuwafuatilia watoto 657,461, wakatoa matokeo yao mwaka 2019: waliochanjwa MMR hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa, hata wale waliokuwa na ndugu wenye usonji. Naitaja sehemu hii ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu najua swali lako lilikuwa juu ya damu ya ukoo.

Kizuizi cha kweli kikoje, basi? Ni mtoto aliyewahi kupata mshtuko mkali wa mzio, wa kufunga pumzi na kushusha shinikizo la damu, baada ya dozi iliyotangulia au kwa kitu kilichomo ndani ya chanjo, kama vile dawa ya neomisini au jelatini. Ni mtoto mwenye saratani ya damu anayetibiwa kwa dawa kali, au aliyezaliwa bila kinga kamili, au mwenye virusi vya UKIMWI ambaye chembe zake za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka sana. Ni mtoto ambaye ndani ya siku 7 baada ya chanjo ya kifaduro alipata maradhi ya ubongo yasiyo na sababu nyingine. Wengine huahirishiwa tu: aliyetiwa damu hivi karibuni, kwa mfano, husubiri miezi kadhaa kabla ya MMR, kwa kuwa kingamwili za mtoa damu zinaweza kuizima chanjo kabla haijafanya kazi. Wazazi wa watoto wenye seli mundu walishike hili. Seli mundu yenyewe haizuii chanjo hata moja inayotakiwa na shule, tena huongeza haja ya chanjo. Kutiwa damu ndiko kunakosogeza tarehe.

Sasa huyo daktari wa video. California ilifuta misamaha ya imani na dini baada ya mlipuko wa surua ulioanzia kwenye bustani ya burudani ya Disneyland mwezi wa Desemba 2014, ambapo wakazi 131 wa jimbo hilo waliugua. Sheria hiyo, iitwayo SB 277, ilitiwa sahihi na Gavana Jerry Brown tarehe 30 Juni 2015, na mmoja wa maseneta walioipeleka, Richard Pan, ni daktari wa watoto. Watoto wa chekechea waliokuwa na chanjo zote walipanda kutoka asilimia 92.8 katika mwaka wa shule wa 2015–16 hadi asilimia 95.6 mwaka uliofuata. Kisha kikatokea kile ulichoelekezwa wewe. Misamaha ya kitabibu, iliyokuwa asilimia 0.2 ya watoto wa chekechea, ilifika asilimia 0.9 katika mwaka wa 2018–19. Watoto hawakuwa wagonjwa zaidi mara nne kwa miaka mitatu. Walikuwapo madaktari waliogeuza hati ya wagonjwa kuwa bidhaa. Mwaka 2018 Bodi ya Madaktari ya California ilimweka daktari mmoja mashuhuri wa watoto katika uangalizi wa miezi 35 kwa kumwandikia mtoto wa miaka miwili msamaha bila kuwa na msingi wa kutosha wa kitabibu.

Sheria mbili za mwaka 2019, SB 276 na SB 714, zilizotiwa sahihi na Gavana Gavin Newsom, ndizo zilizoziba mwanya huo. Leo Idara ya Afya ya Umma ya California huikagua misamaha ya shule ambayo waliochanjwa ni pungufu ya asilimia 95, pamoja na misamaha ya daktari yeyote aliyetoa mitano au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Msamaha ukionekana hauna msingi hufutwa, na daktari anaweza kushtakiwa mbele ya bodi yake. Mzazi ana siku 30 za kukata rufaa mbele ya jopo la madaktari, na mtoto huendelea na masomo mpaka rufaa iamuliwe. Hata msamaha unaoitwa wa kudumu haufiki mwisho wa shule kama ulivyoahidiwa: ule uliotolewa chekechea hukoma mtoto anapoingia darasa la saba.

Niseme pia lile linaloniuma. Miaka yangu ya mwanzo ya udaktari niliitumia katika wodi ya watoto, na surua nimeiona kwa macho, siyo vitabuni: mtoto macho mekundu yasiyovumilia mwanga, kinywa kimejaa vidonda hata maji hayapiti, kifua kikivuta kama mvukuto. Mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu kati ya 12 na 18 wasio na kinga, na ndiyo maana ukuta wa asilimia 95 ya waliochanjwa unahitajika. Zile asilimia tano zilizobaki zina wenyewe. Ni za mtoto wa mama wa San Diego, ambaye barua yake umeisoma hapo juu. Ukimnunulia nafasi hiyo mtoto mwenye afya, umeichukua kwa mtoto asiye na pa kwenda.

Assalaam alaikum Daktari. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, ninaishi Columbus, Ohio. Nimeambiwa kuwa chanjo ya MMR ina jelatini ya nguruwe. Naona haya kuandika shuleni kuwa ninakataa kwa sababu ya dini, maana watanielewa vibaya. Je, naweza kumwomba daktari aandike kuwa ni sababu ya kiafya? — Mama Muumini

Waalaikum salaam, dada. Hapana, usimwombe daktari aandike lisilokuwapo. Sheria ya Ohio inampa mzazi ruhusa ya kukataa kwa sababu za dini au dhamiri, kwa hiyo huhitaji kujificha nyuma ya ugonjwa ambao mtoto hana.

Hata hivyo swali lako la dini ni la haki, na lina majibu mawili. La kwanza ni la wanazuoni. Mwaka 1995 walikutana Kuwait katika semina ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, wakajadili kile wanachuoni wa fiqhi wanachokiita istihala, yaani kitu kubadilika kabisa kikawa kitu kingine, na wakaona kuwa jelatini iliyogeuzwa hivyo inafaa kutumiwa; Shirika la Afya Duniani liliyasambaza maoni hayo mwaka 2001. Mimi ni tabibu wala si mufti, kwa hiyo uliza pia kwa sheikh unayemwamini. La pili ni la duka la dawa: tangu Juni 2022 Marekani imeidhinisha chanjo nyingine ya MMR inayoitwa Priorix, ambayo haina jelatini. Mwulize daktari wa mtoto kama kliniki inayo au inaweza kuiagiza. Nakuomba usichelewe, dada, kwa sababu ni hapohapo katika eneo la Columbus ambapo watoto 85 waliugua surua kati ya mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, na 36 kati yao wakalazwa hospitali.

Daktari, tumehama kutoka Dar es Salaam kuja Oakland. Binti yetu ana miaka sita, na kadi yake ya kliniki inaonyesha chanjo ya surua mara mbili. Shule inadai arudie. Tunaona wanamjaza sindano bure. Naomba unieleze namna ya kupata msamaha, kwa kuwa chanjo alishapata. — Mama Mgeni

Karibuni ugenini, mama. Huu si msamaha unaoutafuta, ni hesabu ya kadi, na ninaelewa kwa nini imekukera, kwa maana kliniki ya nyumbani ilifanya kazi yake sawasawa. Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubella katika miezi 9 na 18, kwa sababu surua imekuwa ikiwashambulia watoto wachanga kwetu na haifai kusubiri. California huhesabu dozi zilizotolewa kuanzia siku ya kuzaliwa ya kwanza tu, kwa kuwa kabla ya hapo kingamwili alizorithi mtoto kwa mama zinaweza kuizuia chanjo isishike vizuri. Kwa hiyo dozi ya miezi 9 haihesabiwi na ile ya miezi 18 inahesabiwa. Zaidi ya hayo chanjo ya nyumbani ni ya surua na rubella, haina matumbwitumbwi, ambayo shule za California huitaka mara mbili. Binti atapewa MMR mbili zikiachana kwa siku zisizopungua 28, na kuchanjwa tena surua juu ya kinga aliyonayo hakumdhuru. Tetekuwanga nayo haimo katika ratiba ya nyumbani, hivyo ataianza upya.

Polio itawashangaza zaidi. Matone ya mdomoni yaliyotolewa tangu Aprili 2016 hayana tena aina moja kati ya tatu za virusi, na kwa mwongozo wa CDC, ambacho ni kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, hayahesabiwi nchini Marekani. Sindano ya polio aliyochomwa kliniki huhesabiwa. Ile chanjo ya tano kwa moja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 itamsaidia katika pepopunda, dondakoo, kifaduro na homa ya ini B. Ukishaanza dozi, shule inaweza kumpokea kwa masharti wakati anakamilisha zilizobaki. Ikiwa pia anatakiwa kupimwa kifua kikuu, kipimo kifanyike kabla ya MMR au siku ileile, kwa sababu kikifanyika siku chache baadaye majibu ya kipimo cha ngozi yanaweza kudanganya, na ukumbushe kliniki kuwa alichanjwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, ili watumie kipimo cha damu.

Jambo Daktari. Nimezaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu, na sasa ninaishi Sacramento na familia yangu. Kijana wangu wa miaka tisa alikuwa na saratani ya damu. Amemaliza dawa miezi minne iliyopita na wanasema imekwisha. Hati yake ya msamaha inaisha mwezi ujao na daktari hataki kuiongeza, anasema wakati wa chanjo umefika. Ninaogopa chanjo itaamsha ugonjwa. Nani alimpa mtu uwezo wa kunilazimisha mimi mzazi? — Baba wa Kijana

Jambo, baba, na Mungu ashukuriwe kwa kijana. Aliyekaa na mtoto katika wodi ya saratani ana haki ya kuogopa sindano, kwa hiyo nitajibu maswali yako yote mawili bila haraka.

La sheria ni la zamani. Mwaka 1902 mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, uliwaamuru wakazi wachanjwe ndui, na mchungaji mmoja, Henning Jacobson, akakataa na kutozwa faini ya dola 5. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1905 iliamua kuwa jimbo lina uwezo wa kuilinda jamii kwa namna hiyo, na mwaka 1922, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, ikasema vivyo hivyo kuhusu sharti la chanjo kwa wanafunzi. Lakini katika hukumu ileile ya 1905 majaji walieleza kwamba sheria isisomwe kana kwamba inamlazimisha mtu ambaye hali ya mwili wake ingefanya chanjo kuwa ukatili. Mzizi wa hati ya kijana wako uko hapo, na daktari alikupa kwa sababu wakati ule chanjo ingekuwa ukatili kweli.

Sasa hali imebadilika. Chanjo haina kitu cha kuamsha saratani ya damu. Hofu ya madaktari wakati wa matibabu ilikuwa kwamba dawa zimeua askari wa mwili, na virusi hai vingekuta lango wazi. Askari hao hurudi polepole, na kwa kawaida chanjo za virusi hai huruhusiwa kuanzia miezi 3 baada ya dawa kali kumalizika, mradi ugonjwa umetulia na vipimo vya damu vimeridhisha. Ingekuwa alipandikizwa uboho, angesubiri angalau miezi 24. Tena matibabu ya saratani mara nyingi hufuta kinga aliyoipata mtoto kwa chanjo za utotoni, kwa hiyo kijana anayeonekana kwenye karatasi kuwa amechanjwa huenda leo hana ulinzi, na surua kwake ni hatari kuliko kwa wenzake darasani.

Usitafute daktari mwingine wa kuongeza hati. Nenda kwa yuleyule aliyemtibu saratani, umwulize mambo haya: chembe nyeupe za kijana zimefika wapi, alitiwa damu au kingamwili mara ya mwisho lini, na kama atapima kingamwili za surua kabla ya kuanza. Ikiwa alitiwa damu miezi michache iliyopita, huenda MMR ikasogezwa mbele kwa sababu hiyo, na hapo msamaha mfupi utakuwa wa haki na daktari ataujaza mwenyewe. Chanjo zisizo hai zinaweza kuanza bila kungoja hilo. Siku ya kwenda chukua makaratasi yote ya chanjo mliyopewa kambini kabla ya kusafiri, hata kama yamechanika, kwa sababu kila tarehe inayosomeka inaweza kumpunguzia kijana sindano moja.